Kibao cha Sita

Mjini, 12 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia, maana mara ya mwisho ulilalamika kama bibi wa miaka mia. Sisi huku tunasukuma siku. Wifi yako amemaliza dawa zake za presha, na sasa ananipangia mimi nile nini, kana kwamba presha ilikuwa yangu. Binti yetu kapata kazi kwenye kiwanda cha mikate, anarudi ana unga hadi kwenye kope. Mimi tangu nistaafu ualimu nimekuwa mtu wa kulala chali na kuhesabu mbao za dari.

Sasa nimepata cha kufanya, na ndicho kilichonifanya nikuandikie. Kuna watu wamenunua ardhi yote ya juu, kuanzia daraja la mbao hadi kwenye maporomoko. Wanatengeneza njia ya wageni kutembea kandokando ya kijito chetu, na njiani vitasimama vibao kumi na kimoja vya historia ya dhahabu. Walikuwa wanatafuta mtu aliyezaliwa huko na anayejua kushika kalamu. Wakanipata. Fikiria, dada, kijito kile tulichokuwa tunaoshea sufuria!

Mpango wangu ni huu. Kibao cha kwanza, mpima ardhi aliyeiona dhahabu. Cha pili, watu wa makarai. Cha tatu, mifereji ya mbao. Halafu Kampuni na mabomba yake ya maji yaliyobomoa kilima, halafu mahandaki, na cha sita ni maisha ya kambini baada ya Kampuni kufunga virago. Vilivyobaki nitavipanga baadaye.

Naomba vitu viwili kutoka kwako: karai la Baba, na kikaango cha Mama, kile cha chuma chenye mpini mrefu kilichokuwa kinaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Vitawekwa kwenye kabati la kioo. Na uniandikie chochote unachokumbuka, wewe ni mkubwa kwangu kwa miaka mitano, umeona zaidi.

Ila dada, mwandiko wako wa Desemba ulinichekesha. Kama kuku aliyekanyaga wino. Wewe uliyenifundisha herufi kwa kijiti mchangani! Nunua kalamu ya maana.

Mdogo wako,
Profesa (au huko nimeshavuliwa cheo?)


Kijitoni, 20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti lipo, linanitabiria mvua. Mchwa wamekula mguu mmoja wa kitanda cha Baba, nimeuegemeza kwa tofali. Mpwa wako ameachana na yule fundi wa redio, na mimi nimefunga mdomo kama alivyoniomba, ingawa furaha yangu ilionekana hata na majirani. Msalimie wifi. Mwambie huyo binti asivute unga, ajifunge kitambaa puani. Nasema kweli, asipuuze.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kalamu. Na baridi ya mwaka huu imeingia kwenye vidole.

Umeanza historia yako vibaya. Mpima ardhi hakuona kitu. Aliyeona ni mchunga punda, alipokuwa ananywesha wanyama wake pale kijito kinapopinda. Akaokota vijiwe vitatu akampelekea mpima ardhi, kwa kuwa ndiye mtu pekee mlima mzima aliyekuwa na miwani. Mwenye miwani akaingia vitabuni, mwenye punda akarudi kwa punda wake. Hadithi hii kila mtu huku anaijua. Ulikaa sana mjini.

Tena usiipambe Kampuni. Ilikuja na mabomba mazito kama mapaja ya mtu, ikapiga kilima kwa maji mpaka kikalainika kama uji, ikachukua dhahabu yote nene na kuacha marundo ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Miti ilikuwa haimei pale. Maji ya kijito yalikuwa rangi ya chai ya maziwa mpaka mimi nilipokuwa na miaka saba. Mchanga huo wa makombo ndio uliotulea sisi. Watu walirudi kuuosha upya, mara ya pili, ya tatu, wakitafuta vumbi ambalo Kampuni haikuona faida kuliinamia. Baba alikuwa mmoja wao, anaingia majini asubuhi na kutoka giza likiingia, miguu imekunjamana kama ya bata.

Karai nimempa mpwa wako, atakuletea akija kununua nyuzi za kushonea.

Kikaango hakitoki hapa. Na mambo ya Mama yaache yalale.

Dada yako


Mjini, 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Karai limefika, na mpwa wangu pia, amenawiri. Wifi yako alimtengea chakula mpaka akaomba msamaha. Nimelikalisha karai mezani kwangu kama mgeni. Lina tundu dogo ambalo Baba aliliziba kwa lami, nilipoligusa nilimsikia akikohoa.

Kuhusu mchunga punda nimekuelewa, nitampa mistari miwili. Lakini kuhusu kikaango unanipiga chenga. Mtu mzima kama wewe! Miaka minne iliyopita nilikiona kwa macho yangu kwenye msumari wake. Kikaango ni chuma tu, dada.

Na Mama siwezi kumwacha alale, kwa sababu kibao cha sita ndicho hicho. Nimeandika hivi: "Kampuni ilipofunga, ulevi uliingia kambini. Haukuchagua. Walikuwapo hata akina mama waliotetemeka mikono tangu asubuhi, wakapepesuka njiani na kusahau majina ya watoto wao. Nyumba nyingi zilivunjika." Sikumtaja. Watakaojua watajua, wasiojua watapita zao.

Usikasirike kabla hujanisikiliza. Mimi ni mwalimu wa historia, siwezi kuandika dhahabu bila kuandika uchafu wake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipomkuta amekaa mbele ya jiko, anajimwagia chai kifuani, mate yanamtoka, na kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Shuleni walikuwa wanamwigiza anavyotembea. Mmoja anaigiza, wengine wanapiga makofi, na mimi nacheka nao ili yaishe. Baba aliondoka kufuata dhahabu ya mlima mwingine akisema hawezi kuishi na mtu aliyevaa miwani saa nne asubuhi. Hakurudi. Na siku ya mazishi ya Mama nilikuandikia kwamba nina mitihani. Haikuwa mitihani, dada. Niliona aibu.

Nimemsamehe zamani. Wewe ndiye uliyebaki naye, basi niambie kama nimesema uongo.

Mdogo wako,
Profesa


Kijitoni, 2 Mei

Wewe,

Wifi na binti nawasalimia. Huku tu wazima.

Nimekaa na barua yako karibu miezi miwili. Nimeianza hii mara nyingi na kuichoma jikoni. Leo nimepiga moyo konde, nitaandika kidogo kidogo mpaka iishe hata kama itachukua wiki.

Mama hakuonja pombe. Hata tone. Unasikia? Hata dawa ya kikohozi iliyokuwa inanuka spiriti alikuwa anaitema.

Unaandika historia ya dhahabu na hujui dhahabu ilitokaje mchangani. Umeandika karai na mfereji. Sawa. Chini ya karai kunabaki mchanga mweusi, na ndani yake vumbi la dhahabu ambalo huwezi kulishika kwa vidole. Baba alileta huo mchanga nyumbani kila Jumamosi, na alipoondoka wachimbaji wasio na wake wakatuletea wao. Mama aliumwagia zebaki, maji ya fedha tuliyokuwa tunauziwa kwenye vichupa na yule mnunuzi wa dhahabu tuliyemwita Bwana Mizani. Aliukanda kwa mikono yake mitupu mpaka zebaki ikalikusanya lile vumbi lote. Akalikamua kwenye kitambaa, likabaki donge la kijivu kama punje ya hindi. Akaliweka kwenye kikaango, akaweka kikaango motoni. Zebaki inaondoka kwa moshi, dhahabu inabaki. Kazi hii kijito kizima ilifanywa na wanawake, kwa sababu ilifanyika jikoni, na kilichofanyika jikoni hakikuitwa uchimbaji. Ndiyo maana na wewe hukukiandika.

Miaka minane Mama alipumua moshi huo. Kwanza fizi zilivimba zikatoka damu, akasema mdomoni ana ladha ya msumari. Halafu mate. Halafu mikono. Alikuwa anashika kikombe kwa mikono yote miwili, akiona mtu anakuja anakificha chini ya khanga ili asionekane. Halafu akawa anaogopa watu, yeye aliyekuwa anacheka mpaka ng'ambo ya maji wanamsikia. Halafu miguu. Mlevi ana siku za ulevi na siku za kuamka. Mama hakuwa na siku ya kuamka.

Mimi mwenyewe nilielewa baada ya mazishi. Muuguzi mmoja alikuja kuchanja watoto, akakiona kikaango, akaniuliza kilikuwa cha nini. Nilipomweleza alikaa chini kwenye kizingiti. Aliniambia wengine waliochomea nje, kwenye upepo wa kijito, waliumia nusu yake tu au hawakuumia. Sisi tulichomea ndani, madirisha yamefungwa.

Usiniulize kwa nini yalifungwa.

Kifute hicho kibao.

Dada yako


Mjini, 15 Mei

Dada yangu, dada yangu,

Shikamoo. Nimeipata leo asubuhi, nimeisoma nimesimama mlangoni hata kiatu sijavua. Wifi yako alidhani kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, upo, ni wa miaka arobaini na umefika leo.

Nilicheka nao. Wakati wanamwigiza, nilicheka nao.

Nimekifuta. Nimeandika kingine, nimekiandika kwa saa moja bila kuinua kichwa: zebaki, kikaango, wanawake wa jikoni, Mama kwa cheo chake cha mchomaji. Hakuwa mlevi, nimeandika hivyo hivyo. Kesho nakipeleka kwa meneja wa mradi, na nitasimama nacho.

Lakini nisaidie jambo moja. Wote walichomea nje, umesema. Nakumbuka kweli, moshi mwembamba kwenye kila ua. Sisi kwa nini tulifunga? Tulimwogopa nani? Watu wakisoma watauliza, na mimi nakuuliza.

Mwandiko wa barua hii ya mwisho umenitisha kidogo. Kurasa nne, na kila mstari unapanda na kushuka. Ni hasira, au ni macho? Nenda kapimwe macho.

Mdogo wako


Mjini, 30 Juni

Dada,

Shikamoo. Hujajibu. Mpwa wangu ananiambia kwa simu ya duka kwamba u mzima, unalima. Basi nimetulia, ingawa si sana. Binti yetu amehamishiwa idara ya keki na sasa ananukia vanila, nyumba nzima tunanenepa kwa harufu.

Nina habari, na si nzuri. Meneja alisoma kibao cha sita mbele yangu. Akasema kimeandikwa vizuri sana, kimemgusa. Alipoanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa nikajua nimekwisha. Akasema: "Mwalimu, hilo neno zebaki haliwezekani. Mgeni anatembea kandokando ya maji, ana mtoto mkononi, unamwambia zebaki? Si atarudi garini?" Nikamwambia ni ukweli. Akasema: "Ukweli hakuna aliyeukataa. Tunaupunguza makali tu."

Nilibishana naye siku tatu. Siku ya nne aliniita pamoja na mwanasheria wao. Walikuwa wameshaandika kibao chao, wakataka sahihi yangu kwamba nimekikubali kama mwandishi. Nisiposaini, vibao vyote kumi na kimoja vinapewa mtu mwingine, na mchunga punda anapotea, na kila kitu kinapotea. Nilifikiri afadhali nusu. Nikasaini.

Hakuna ulevi humo, hilo nimelishinda. Kimesema: "Mke wa mchimbaji aliyeugua kwa muda mrefu, akiwapikia wanaume wa kijitoni." Bado wanaomba kikaango kwa ajili ya kabati.

Nitukane, nitashukuru. Lakini nijibu lile swali la madirisha.

Mdogo wako


Kijitoni, 19 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimevuna maharage, yametoka machache lakini mazito. Msalimie binti. Mwambie vanila ni afadhali kuliko unga.

"Akiwapikia wanaume." Umesaini hilo. Mama hakupata hata nafasi ya kuwapikia, alikuwa anawachomea dhahabu yao. Ningekutukana, lakini nimeona mara mbili umeniuliza jambo, na jambo hilo ni zito kuliko tusi. Nilikuwa nimeapa kufa nalo. Mama naye aliniapisha. Ila mtu anayesaini uongo juu ya mama yake anatakiwa kujua alichosainia.

Ulikuwa na miaka tisa. Mwalimu wenu wa sayansi alichemsha maji mbele ya darasa, akakifunika chungu kwa sahani baridi, akawaonyesha matone chini ya sahani. Ulirudi nyumbani unakimbia. Mama alikuwa uani, kwenye upepo, kikaango kiko motoni. Ukamwambia: Mama, unaitupa zebaki, inapaa tu hewani kama mvuke, ungeifungia ndani ingerudi kuwa maji, ungeitumia tena, usingehitaji kichupa kila wiki kwa Bwana Mizani. Mama alikutazama kama vile umeshuka kutoka mbinguni. Kuna mtu mzima yeyote pale kijitoni aliyewahi kufikiri hivyo?

Jioni hiyo hiyo mlihamia jikoni. Wewe ndiye uliyeziba nyufa za dirisha kwa matambara, ukisimama juu ya ndoo, na kila ufa ulipouziba ulipuliza kupima kama hewa inapita. Mkatundika magunia mabichi juu ya moto. Na kweli, mara ya kwanza tu, matone madogo ya fedha yakakaa kwenye magunia na kwenye bati. Mama akayafagia kwa unyoya wa kuku mpaka kichupa kikajaa robo. Alikubeba akakuzungusha jikoni nzima. Siku hiyo ndipo alipokuita Profesa. Alitembea nyumba kwa nyumba kusimulia, wenzake wakamwambia hawawezi kukaa na moshi ule, macho yanawawasha. Akawacheka. Alisema wao hawana mwanaye.

Wewe hukuwa unakaa ndani. Donge likianza kutoa moshi Mama alikwambia, "Profesa, nenda barabarani ukaangalie kama Bwana Mizani anakuja." Bwana Mizani alikuwa anakuja Jumatatu. Wewe ulikuwa unasubiri barabarani kila Jumamosi na hukujiuliza. Mama hakujua moshi unaua, hilo naliapa. Alikuwa anasema tu kichwa chenye akili kisikaushwe na moshi wa jikoni.

Alipokuwa hawezi tena kuongea vizuri, alinishika hapa kwenye kiwiko akaniambia nisikwambie wewe. Kwa hiyo alikuwa ameshaunganisha moshi na ugonjwa wake, kabla ya muuguzi, kabla yangu. Aliacha watu waseme amelewa. Ilikuwa rahisi kwake kuliko wewe ujue.

Basi umejua.

Dada yako


Mjini, 9 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Naukumbuka unyoya. Ulikuwa wa jogoo mweupe, na mimi ndiye niliyeuchagua. Nakumbuka ndoo. Nilikuwa nasimama barabarani najiona mlinzi wa hazina, narusha vijiwe, na nilikuwa na furaha. Miaka yote nimewasimulia wanafunzi wangu kwamba nilifanya majaribio ya sayansi nikiwa na miaka tisa, nilikuwa najisifu mbele ya watoto wa watu.

Barua yako nimeisoma mpaka kwenye mikunjo imechanika. Kuna neno moja umeliruka. Mimi nilikuwa barabarani, Baba alikuwa majini. Nani alikuwa anapuliza makaa?

Dada, ulikuwa ndani?

Usinidanganye habari ya kalamu. Usiniambie baridi. Nitakuja tarehe kumi na tisa Septemba siku ya kufungua njia, wamenialika nihutubie, na kabla ya hotuba nataka kuiona mikono yako.

Mimi


Kijitoni, 28 Septemba

Mdogo wangu,

Wasalimie wote hapo kwako. Mpwa wako ameanza biashara ya kushona sare za shule, amejaza nyumba vipande vya bluu, ninalala na sindano.

Hukuja. Meneja alitangaza kwamba mwalimu ana homa. Nilikaa mstari wa mbele, nimevaa gauni langu la kijani, nikasema moyoni, sasa ni homa, zamani ilikuwa mitihani. Nimekuzoea. Imeniuma, lakini nimekuzoea.

Walipomaliza kupiga makofi niliitembea njia yote, polepole. Mchunga punda umempa mistari yake miwili, asante. Mabomba ya Kampuni umeyaeleza vizuri mpaka nikasikia maji. Kibao cha sita kipo mbele ya nyumba yetu kabisa, kimepigwa rangi nzuri. Mwanamke amechorwa ameshika mwiko. Kabati la kioo lipo, ndani kuna karai la Baba, na pembeni yake msumari mtupu na kijikaratasi kilichoandikwa "Kikaango." Kikaango chenyewe nimekizika kwa Mama, upande wa kichwani. Nilichimba mwenyewe.

Halafu nilirudi nyumbani nikamwita fundi seremala, nikamwambia aning'olee lile dirisha la jikoni, ubao wake wote na fremu yake. Matambara yako bado yalikuwa kwenye nyufa, magumu kama gome. Nilimkataza kuyatoa. Tumelisimamisha kando ya njia, hatua tano kabla ya kibao chako, upande huu wa mpaka ambao bado ni wangu, na hawana la kunifanya. Mtu akitoka darajani analiona kwanza.

Seremala alitaka kuniandikia, ana mkono mzuri. Nilikataa. Nilichukua rangi nyeupe na brashi, nikaanza asubuhi, nikamaliza jua linazama. Nimeandika: "Nyuma ya dirisha hili Mama alichoma zebaki miaka minane ili wengine wapate dhahabu. Hakuwa mlevi." Jina la aliyeziba dirisha sikuliweka. Mama aliniapisha, na kiapo nilikivunja kwako tu.

Ndiyo, nilikuwa ndani. Nilikuwa napuliza makaa, na alipochoka mimi nilishika kikaango. Sasa umeshaniuliza na nimeshakujibu, usiulize tena.

Wageni wanapita wanasoma. Herufi zimepinda kila upande, rangi imechuruzika, M ya Mama ilinishinda nikairudia mara nne. Jana bwana mmoja mwenye kofia alisimama na mkewe wakacheka kidogo, akaniuliza, "Bibi, ni mtoto gani kaandika hivi?"

Mikono yangu nilikuwa nimeificha chini ya khanga. Nikamwambia ni mdogo wangu, ana miaka tisa, ana akili sana.

Dada yako